Honda ya Kihonda: shajara ya kufufua CG125 ya mwaka 1980

10 Juni 2023: Imefika nyumbani

Nimeinunua leo. Ni Honda CG125, kadi inasema 1980. Rangi nyekundu imebaki kwenye kona za tangi tu, na mita imesimama kwenye kilomita 41,206, sijui tangu lini. Ilikuwa ya bwana shamba mstaafu ambaye sasa ni marehemu. Mjane wake anasema imekaa stoo miaka kumi na moja, nyuma ya magunia ya pumba. Nyumba yao iko Kihonda, hapahapa Morogoro, kwa hiyo kijiweni wameshaipa jina kabla hata haijawaka.

Ushauri wa kwanza kwa anayetaka kufuata njia hii: anza na makaratasi. Pikipiki kuukuu nyingi kadi zake zina majina ya watu waliokwisha kufariki. Huyu mama alikuwa na karatasi ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, imekunjwa ndani ya Kurani. Asingekuwa nayo, ningemuaga kwa heshima nikaondoka, hata angeniuzia kwa elfu hamsini.

Sh 350,000, na kirikuu cha kuileta Sh 15,000. Jumla 365,000.

24 Juni 2023: Injini imeganda, kiki imekatika

Pistoni ilikuwa imeshikana na silinda kwa kutu. Nikatoa plagi, nikamimina dizeli iliyochanganywa na oili ya injini kwa tundu lake, nikaacha usiku mmoja. Asubuhi nikaona nimesubiri vya kutosha, nikasimama juu ya kiki kwa miguu miwili. Nina kilo 84. Meno ya mkono wa kiki yakasagika, nikatua chini kama gunia, na pistoni haikutikisika.

Njia iliyofaa haina nguvu yoyote. Weka gia ya juu kabisa, shika gurudumu la nyuma kwa mikono, sukuma mbele na nyuma taratibu, kisha ongeza mchanganyiko na uende zako. Nilifanya hivyo asubuhi na jioni. Siku ya sita gurudumu likasogea kama upana wa kidole, kwa mlio wa mlango wa mbao uliovimba kwa mvua. Siku ya saba injini ikazunguka mzunguko mzima.

Mkono wa kiki nimenunua duka la spea za bodaboda, Sh 8,000, ukaingia bila maneno. Hapo ndipo nilipoanza kujidanganya, na msomaji ashike hili kwa sababu litarudi. Injini za bodaboda nyingi za Kichina za 125 na 150 zimetokana na hii hii CG. Muuzaji akaniambia, "Broo, hii ni ileile, spea zake zimejaa." Nikamwamini, maana kiki iliingia.

Dizeli, oili, vitambaa na spana mbili nilizokuwa sina: 20,000. Jumla 393,000.

15 Julai 2023: Ndani ya injini

Kufungua si kazi ya kusimulia. Panya walikuwa wamejenga ndani ya boksi la hewa, nimewahamisha. Ila mambo mawili yanastahili nafasi.

La kwanza ni jinsi Honda walivyoifikiria injini hii. Ilitoka 1976, wakati kampuni ilikuwa tayari inauza injini zenye kemshafti, chuma kinachozunguka na kufungua valvu (milango ya hewa na moshi), juu ya kichwa na cheni ya kuizungusha. Hizo zinataka oili safi. Wahandisi waliona kwamba katika nchi kama zetu oili hubadilishwa mtu akikumbuka, mizigo inazidi, na vumbi halina mwisho. Wakarudi nyuma kwa makusudi: kemshafti ikawekwa chini na kuzungushwa kwa gia, na fimbo mbili ndefu zikapewa kazi ya kusukuma valvu. Kemu yenyewe ina nundu moja tu inayofanya kazi ya valvu zote mbili. Hakuna cheni ya kulegea wala kukatika. Ukiishika mkononi unacheka, ni kitu kidogo kama mchi wa kutwangia iliki.

Cheni ya gurudumu nayo wakaifungia ndani ya boksi la bati, isionje mchanga. Boksi la hii lipo zima na ndilo ninalolipenda kuliko kitu chochote kwenye pikipiki hii. Bodaboda za sasa hawana.

La pili ni kichujio cha oili. Hakuna cha karatasi. Ukifungua kifuniko cha kulia, upande wa klachi, kwenye ncha ya krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, unakuta kikombe chenye mfuniko wa skrubu tatu. Kinazunguka na injini na kuutupa uchafu ukutani, ukuta unaushika. Skrubu zilikuwa zimeota kutu. Bisibisi ya kugonga kwa nyundo ndiyo iliyozifungua, ya kawaida ingezila vichwa. Ndani kulikuwa na tope jeusi, gumu kama masizi ya sufuria yaliyokandwa na samli, limejaa hadi karibu na mdomo. Nilikwangua kwa vijiti vya mshikaki, vitano vimekwisha, kisha petroli na mswaki. Fundi wa kijiweni, ambaye amefungua injini za bodaboda maisha yake yote, alikuja kuchungulia akasema, "Hicho huwa hatukigusi." Kama una bodaboda ya aina hii, kiguse.

Oili ya kusafishia, Sh 13,000. Jumla 406,000.

12 Agosti 2023: Silinda

Kutu imeacha mashimo kwenye ukuta wa silinda, ukucha unakwama. Lazima kuboa, yaani kuipanua silinda kwa mashine. Wiki ya Nane Nane nusu ya mji ilikuwa uwanjani, kwa hiyo nilipompata fundi wa mashine ana nafasi nikampa silinda palepale nikamwambia aiboe saizi 50, yaani nusu milimita zaidi ya ile 56.5 ya asili. Pistoni nikanunua siku iliyofuata, ya bodaboda 125, ina ringi na pini yake, Sh 28,000. Nimeokoa siku nzima.

*(Nyongeza ya Januari 2024: hapa ndipo nilipokosea kuliko popote. Usifanye hivi. Soma mbele.)*

Kuboa 25,000, gasketi 10,000, kusaga valvu 10,000. Jumla 479,000.

30 Septemba 2023: Tangi na kabureta

Tangi: lita nne za siki, konzi mbili za nati kuukuu, kutikisa kila nikipita, siku tatu. Kutu ilitoka kama chai ya rangi. Nikasuuza kwa maji, nikaliacha juani likauke, na nilipolirudia jioni lilikuwa limepata kutu mpya ya rangi ya chungwa kote ndani. Siki ikishaondoka, bati linabaki uchi. Nikarudia yote. Safari hii baada ya siki nikasuuza kwa maji yenye magadi ya kupikia, nikakausha hapohapo kwa pampu ya upepo, kisha nikazungusha kikombe cha petroli na oili ndani. Limekaa safi. Matundu mawili madogo chini nimeyaziba kwa lehemu ya risasi. Fundi mmoja alitaka kuyachomelea kwa umeme. Tangi la petroli, hata lililooshwa! Nikachukua tangi langu.

Kabureta ya asili ilikuwa imejaa gundi ya kijani. Nikasema haina maana kuhangaika, duka lina mpya, "ya CG, ileile". Sh 45,000. Boliti zimekaa, waya wa mafuta umefika, injini ikawaka kwa mara ya kwanza tangu bwana shamba aiache. Nilipiga kelele, watoto wa jirani wakaja. Lakini moshi ulikuwa mweusi, plagi ikatoka na masizi ya kufutika kwa kidole, na ukivuta mafuta inakohoa. Siku nne nilichezea skrubu ya hewa na kushusha sindano. Ya tano nikakumbuka kupima: nikachomeka vania, kipimo cha milimita, kwenye mdomo wa ile mpya na ule wa zamani. Mpya ni pana zaidi. Niliuziwa ya 150. Boliti zinalingana, koo halilingani.

Nikarudi kwa ya zamani. Nimeichemsha kwenye maji yenye ndimu, nikapuliza, na kile kitundu cha sailensa, cha mafuta ya injini ikiwa imetulia, nimekizibua kwa uzi wa nailoni wa kuvulia samaki. Usitumie waya wa chuma, shaba ya pale ni laini na tundu likipanuka umeliharibu. Gasketi yake 5,000. Ikatulia.

Siki, magadi na lehemu 22,000, kabureta isiyo na kazi 45,000. Jumla 551,000.

21 Oktoba 2023: Inazima ikipata moto

Inawaka kwa kiki ya pili, inaunguruma dakika kumi, inazima. Ikipoa inawaka tena. Hii pikipiki ni ya volti 6 na cheche zake zinatoka kwa pointi, zile ndimi mbili ndogo zinazofunguka na kujifunga nyuma ya sumaku, lile gurudumu zito linalozunguka na injini. Vijana wengi wa kijiweni hawajawahi kuziona. Hukumu yao ilikuwa moja: ng'oa yote, weka mfumo wa bodaboda. Huenda inawezekana. Lakini nilikuwa nimeshalipia elimu ya "ileile" mara moja, nikakataa.

Nilianza na koili, inayokuza umeme wa cheche, nikaazima ya mtu. Haikubadilisha kitu. Kufikia pointi lazima sumaku itoke. Kijana wa fundi alikuwa ameshainua nyundo. Sumaku haipigwi: ina nyuzi zake ndani, unafunga kivutio, unakaza boliti ya katikati, inajiachia kwa mlio mmoja mkali. Kivutio nimenunua 7,000 na sasa kinaazimwa mtaa mzima.

Ndimi zilikuwa zimeungua, moja ina kichuguu na nyingine shimo. Hiyo ni dalili ya kondensa iliyokufa. Kazi yake ni kumeza ule umeme unaotaka kuruka pale ndimi zinapoachana. Pointi mpya zilitoka Kariakoo kwa basi, 18,000. Kondensa ya saizi yake haikupatikana, kwa hiyo nimeweka ya gari kuukuu, 6,000, nje ya injini, karibu na koili, ambako pia inapata upepo. Nikafunga kila kitu, nikapiga kiki mpaka shati likalowa. Hakuna cheche hata moja.

Saa mbili nilitafuta. Nilikuwa nimeifunga kondensa juu ya chuma chenye rangi. Mwili wake ndio waya wake wa pili, na rangi haipitishi umeme. Nikakwangua rangi eneo la ukubwa wa shilingi, ikawaka.

Nafasi ya pointi nimeweka kati ya 0.3 na 0.4 mm kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, na zinapaswa kuanza kuachana pale alama ya F kwenye sumaku inapolingana na alama ya injini. Sili ya krenki upande huo nimebadilisha kwa 3,000, maana tone moja la oili kwenye pointi linarudisha ugonjwa wote. Jumla 585,000.

18 Novemba 2023: Vya kawaida

Mvua mwezi huu haichagui siku. Nimefanya kazi barazani. Tairi mbili na tubu 94,000; spoki na kunyoosha ringi 40,000; cheni na sproketi 32,000; viatu vya breki 12,000; waya za klachi, breki na mafuta 12,000; betri ya volti 6 na balbu 35,000; rangi 60,000.

Kwa sproketi nilikwenda na ile kuukuu mkononi pamoja na vania, na nilikataa tatu kabla ya kukubali moja. Muuzaji alinuna. Balbu nilisahau kanuni yangu mwenyewe, nikaweka za bodaboda nilizokuwa nazo. Hizo ni za volti 12. Zikawaka kama kibatari kinachoishiwa mafuta ya taa. Za volti 6 nazo si za kujivunia, taa ya mbele inapanda na kushuka na injini, kwenye kona ya polepole unaendesha kwa kumbukumbu.

Jumla 870,000.

6 Januari 2024: Barabarani, na masikio ya mama

Oili mpya, 13,000. Nimeipeleka Mzumbe na kurudi. Inakwenda! Mwendo wa 60 ni mtulivu, breki za mbele ni za kuombea dua, siti ni nzuri kuliko ya kitu chochote kipya nilichokalia.

Wakati wa kurudi nikapita Kihonda. Mama alitoka na kanga begani kabla sijazima.

"Shikamoo, mama. Umeisikia?"

"Marahaba. Nimeisikia. Mbona inagonga?"

Nikamwambia ni tapeti, skrubu zinazoweka nafasi ya valvu, nitazikaza. Akatikisa kichwa. "Ya mzee ilikuwa haigongi hivyo. Nilikuwa naisikia toka njia panda, naweka maji ya kuoga."

Tapeti nimezipima jioni: 0.08 mm injini ikiwa baridi, zote mbili. Kwanza nilizipima alama ya T, ya pistoni kufika juu kabisa, ikiwa imelingana lakini pistoni ikiwa kwenye kutoa moshi, siyo kwenye kubana. Alama hiyo hupita mara mbili. Nimerudia mahali sahihi. Bado inagonga asubuhi, inapungua ikipata moto, na kuna uzi wa moshi wa bluu. Najua maana yake, sitaki kuiandika leo.

Jumla 883,000.

27 Januari 2024: Silinda, mara ya pili

Mama alikuwa sahihi. Fundi mwingine wa mashine, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alipima mbele yangu: silinda 57.02, pistoni kwenye sketi yake, yaani ukuta wake wa chini, 56.88. Nafasi 0.14 mm. Alitaka kuona 0.04. Pistoni ilikuwa inayumba humo ndani kama mchi ndani ya kinu, na hicho ndicho chanzo cha ile kelele.

Akaniuliza swali moja: "Ulimpa pistoni yule aliyeboa?" Sikumpa. Pistoni za siku hizi zinaandikwa saizi 50 lakini kila kiwanda kina 50 yake, na anayeboa bila kuishika anaboa kwa kubahatisha. Nunua pistoni kwanza, ipeleke pamoja na silinda, apime sketi, aboe kwa kuifuata hiyo. Siku niliyookoa Agosti imenigharimu hivi: pistoni nyingine ya saizi 100, 30,000, kuboa 25,000, gasketi 10,000, oili tena 13,000. Pistoni hii ilipima 57.41, akaboa 57.45. Nafasi ya kuboa tena haipo. Ikifika hapo, ni kutafuta silinda nyingine.

Kilomita 300 za kwanza sivuki 50, na oili itabadilishwa mapema.

Jumla kuu Sh 961,000. Kati ya hizo 116,000 ni za makosa yangu: kiki, kabureta ya 150, na silinda ya kwanza na pistoni na gasketi zake. Kwa karibu pesa hiyo ningepata bodaboda iliyotumika inayowaka kwa kubonyeza. Nimeshaambiwa, asanteni.

17 Februari 2024: Turiani

Safari ya kwanza ndefu. Msamvu, Dakawa, Magole, kisha kulia hadi Turiani, na kurudi. Zaidi ya kilomita 200 kwa siku moja. Bodaboda wote walinipita na wengi walipunguza mwendo kwanza watazame boksi la cheni. Kwenye malori ya miwa karibu na Mtibwa nilibaki nyuma nikala vumbi kwa adabu, sina nguvu ya kuyapita. Plagi niliitoa nilipofika, rangi yake ya kahawia kama ganda la karanga, sawasawa kabisa. Nati moja ya bomba la moshi imeanguka njiani. Oili imelowanisha kitako cha silinda, kidogo, gasketi inataka kukazwa au kubadilishwa.

Nilipita Kihonda jioni. Mama alisikiliza, hakusema kitu kuhusu mlio, akaingia ndani akarudi na mkebe wa Blue Band. Ndani, kwenye gazeti lililogeuka manjano, kulikuwa na pointi mbili mpya, kondensa ya saizi yake halisi, na balbu ya volti 6. Nikamwuliza kwa nini hakunipa siku ile ya kwanza.

"Uliulizia pikipiki, mwanangu."

Pointi nimezifunga kwenye kipande cha tubu chini ya siti. Kondensa ya gari inabaki mahali pake mpaka ife yenyewe. Kazi inayofuata: gasketi ya kitako, nati ya bomba, na kutafuta silinda ya akiba kabla sijaihitaji.